Dar inaliwa kwa saa: ninavyopanga kula mitaani

Mtu akiniuliza wapi pazuri pa kula Dar es Salaam, namrudishia swali: saa ngapi? Kibanda kinachotoa supu nzito saa moja asubuhi, ikifika saa tano kinatoa maji ya moto yenye mafuta yanayoelea, maana sufuria imeshaongezwa maji mara tatu. Mpishi ni yuleyule na mifupa ni ileile. Kwa hiyo mimi huanza na saa, jina la mahali likafuata.

Supu ni ya saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Ya ng'ombe na ya mbuzi zipo karibu kila mtaa. Ya makongoro na ya utumbo huchagua mpishi. Kongoro ni mfupa, kano na ngozi, nayo haikubali haraka: anayeipatia huiinjika jioni na kuiacha juu ya moto mdogo wa mkaa hadi alfajiri. Iliyoiva huitambui kwa macho, unaitambua midomoni, mchuzi ukinata kidogo ukifumba na kufumbua. Ukiona kano bado nyeupe na inavutika kama mpira, imepikwa kwa saa mbili tatu tu, omba ya ng'ombe uyamalize. Utumbo nao kipimo chake ni harufu. Wa mpishi msafi unanukia tangawizi na limau. Usiosafishwa vizuri unaunusa kabla hujavuta kiti, na pilipili haitauficha.

Ndimu naikamulia baada ya kuonja. Wapishi wengi hutia chumvi kidogo wakijua mezani kuna kopo la chumvi, na ukianza na ndimu ulimi unadanganyika, unaishia kuzidisha vyote viwili. Bakuli moja na chapati mbili hunitosha hadi saa saba. Chapati nataka inayotoka kwenye chuma wakati huo. Za jana hurudishwa motoni kwa kupakwa mafuta mengi, zinang'aa vizuri tu, lakini ukiikunja inavunjika badala ya kupinda. Asiyetaka supu ya mifupa atafute mtori, ndizi na nyama zilizopondwa pamoja kama wafanyavyo Wachaga. Mtori wenyewe utaupata kwenye migahawa ya Sinza na Kimara, na huo hauharibiki haraka hata ukichelewa kidogo.

Jambo dogo linalowakera wauzaji: usifike alfajiri na noti ya elfu kumi. Chenji haipo. Uwe na noti ndogo, au uliza kama kuna lipa namba kabla hujaagiza.

Mchana ni wa mama lishe. Mimi hufika saa sita na nusu, kabla watu wa ofisi na gereji hawajatoka kula. Ukifika saa sita kamili maharage huenda bado yanatafuta chumvi yake, na baada ya saa nane mchicha umekwisha na wali umebaki ukoko. Kutazama foleni peke yake hakunisaidii, kwa sababu foleni ndefu mara nyingine ni dalili kwamba anayepakua ni mmoja na ni mzito wa mkono. Ninachotazama ni kama madereva na mafundi wa eneo hilo wanakula bila kuuliza bei. Hao wamerudi jana na juzi.

Swali langu la kwanza ni, "Mama, leo mboga gani?" Akitaja mbili au tatu, nakaa. Akitaja kumi naye ana majiko mawili tu, kuna za jana. Nazi ndiyo ya kuangalia zaidi. Wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa nazi ni vitamu vikiwa vya mchana huohuo, ila kwa joto la Dar tui huanza kuchacha mapema alasiri. Povu dogo pembeni mwa sufuria la maharage yasiyo motoni, au uchachu usiotokana na nyanya, ni alama ya kuacha. Ndiyo maana chakula cha nazi sikibebi kwenye kontena hadi jioni. Nikitaka kubeba, nachukua ugali na nyama ya rosti au dagaa wa kukaanga.

Kachumbari mimi hukata kauli mapema: ya kukatwa mbele yangu, au niachwe bila. Imeoshwa kwa maji gani, hujui, na haipiti motoni. Pilipili ya kupikwa haina shida hiyo.

Sasa chipsi. Hapa ndipo watu wengi hulipa kwa kitu kibaya na kuondoka wakilaumu viazi. Chipsi za Dar hukaangwa mara mbili. Alasiri muuzaji huzikaanga hadi ziive ndani bila kubadilika sana rangi, anazirundika kwenye kabati la kioo, kisha mteja akija anazirudisha kwenye mafuta makali dakika mbili tatu zikauke nje. Mpango huo ni mzuri na wala si uvivu. Ubaya unaingia pale anaporuka hatua ya pili, hasa kwenye chipsi mayai, maarufu kama zege. Anachota za baridi kutoka kabatini, anazitupa kwenye kikaango, anamwaga mayai juu. Yai linaganda chini kabla kiazi hakijapata joto. Unapata ngozi kavu ya yai na vijiti vya ubaridi katikati.

Mimi husema mapema: "Kaka, zirudishe kwanza kwenye mafuta." Wengi hukubali bila kinyongo ukisema kabla hajashika kikaango. Baada ya hapo natazama mambo matatu. Chipsi zitandazwe tabaka moja, au moja na nusu, zikizidi hapo yai halifiki chini na zege halishikani. Mayai mawili yanatosha sahani ndogo, sahani iliyojaa inataka matatu. Na kugeuza kufanyike kwa sahani juu ya kikaango, wakati juu bado kuna unyevu, maana ukisubiri pande zote zikauke unakula sponji. Vitunguu na hoho, kama unapenda, viingie na mayai, visitangulie. Vikitangulia vinatoa maji na kulainisha chipsi ulizozipigania.

Mafuta yana lugha yake. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, au yakitoa povu linaloganda juu hata kabla kiazi hakijaingia, yamechoka. Yataacha ladha ya ukakasi nyuma ya ulimi na kiungulia saa nne usiku. Saa nzuri ya chipsi kwangu ni kumi na mbili hadi mbili za jioni: biashara inazunguka na kabati halijapata muda wa kupoa.

Kisutu ni mtaa wa kuingia jioni ukiwa na njaa ya kutosha. Kwa basi la mwendokasi unashuka kituo cha Kisutu, Barabara ya Morogoro. Karibu na hapo, kwenye kona ya Morogoro na Mtaa wa Libya, ndipo Mamboz wanapochoma kuku nje kwa mkaa, na wa limau ndiye ninayemwagiza zaidi. Nenda mapema, maana kuku wa mkaa hana njia ya mkato. Akiharakishwa huungua ngozi na kubaki mwekundu mfupani, na hilo ni kwa mchomaji yeyote mjini. Kipimo ni kiungo cha paja: kikikatika bila kuvuta na maji yakitoka meupe, ameiva.

Maeneo hayohayo, na kuelekea Upanga na Kariakoo, utakuta urojo. Bakuli lina viazi, bajia, kachori, mishkaki na yai, juu yake mchuzi wa njano wa unga na manjano. Mchuzi ukiwa mzito huku ukinuka unga, haukuchemka vya kutosha, na huo utakukaa tumboni. Uchachu utoke kwenye embe bichi au ndimu. Chipsi za muhogo na chatne ya nazi viwekwe mwisho kabisa, la sivyo muhogo unalowa kabla hujashika kijiko.

Nyama ya kuchoma inahitaji mpango kuliko yote. Wanaotaka nyama ya siku hiyo huenda Pugu mnadani au Vingunguti, kwenye machinjio, na wanakwenda mchana. Nyama hupimwa mbichi. Ikichomwa hupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake kwa maji na mafuta, na bado hujatoa mfupa. Kwa hiyo kilo moja ya mbuzi si kilo mezani, ni chakula cha watu wawili au watatu wenye ndizi pembeni. Hatua zangu ni hizi. Nachagua kipande mwenyewe kikiwa kimening'inia, naomba mizani isomeke sifuri kabla hakijawekwa, kisha nashuhudia kikichomekwa alama au kikikaa mahali pake jikoni. Kubadilishiwa nyama hutokea zaidi pale unapoagiza ukiwa umeshakaa mezani na soda mkononi. Mbuzi mpe saa nzima. Akija baada ya dakika ishirini, alishachomwa kwa ajili ya mwingine.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ina taratibu zake, na kabla ya yote muulizane kundini, kwani si kila aliyekuja anakula. Hupimwa kwa kilo vilevile. Nusu kilo na ndizi nne hutosha wawili wasio na njaa kali. Utaulizwa kavu au rosti. Rosti huficha nyama ya zamani kwa nyanya na vitunguu, kavu haifichi kitu, kwa hiyo mahali nisipopajua naagiza kavu. Dakika arobaini ni za kawaida, na nyama ya nguruwe isiivishwe nusu kwa sababu yoyote ile.

Coco Beach, Oysterbay, naiendea mihogo na mishkaki, si zaidi. Muhogo mzuri hupasuka wenyewe kwenye mafuta na ndani unakuwa kama unga uliolowa. Tazama mbichi kabla haujakatwa: mistari ya bluu au nyeusi ndani ya nyama yake inaonyesha umekaa siku kadhaa tangu uchimbwe, nao utakuwa mgumu hata ukikaangwa hadi kesho. Ukiuonja ukawa mchungu, tema. Chachandu, ile sosi ya pilipili, iwekwe pembeni. Mishkaki yenye kosa huwa na kosa lilelile, yaani papai bichi lililozidi au lililokaa usiku kucha. Papai linalainisha nyama, lakini likipitiliza nyama inakuwa uji kwenye kijiti, haina cha kutafuna. Saa moja au mbili zinatosha. Mitano na ndizi moja ni mlo.

Samaki ni soko la Feri, na ni asubuhi. Mwendokasi unaishia Kivukoni, kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu hadi sokoni. Mnadani wananunua wa jumla, sisi wa mmoja wawili tunaenda kwa wachuuzi. Jicho liwe limejaa na kung'aa, matamvua mekundu, na ukibonyeza mgongo nyama irudi. Muuzaji akikuzuia kufungua tamvua, umeshajibiwa. Changu na tasi ni wazuri wa kukaanga wazima. Kolekole na nguru nawataka vipande. Jodari hukauka haraka kwenye mafuta, mpeleke nyumbani kwenye mchuzi.

Ukishanunua, kuna watu kazi yao ni kupaa samaki, halafu kuna wakaangaji wenye makarai makubwa. Patana bei na kila mmoja peke yake kabla hajagusa samaki. Mwambie mpaaji achane mbavuni mara tatu kila upande, chumvi iingie na mafuta yafike kwenye mfupa. Usiondoke pale karaini, maana samaki kumi wa watu kumi wanafanana wakishakuwa kahawia. Na beba chombo chenye mfuniko usiobana kutoka nyumbani. Mfuko uliofungwa na samaki wa moto ni mvuke mtupu, ukifika Magomeni ngozi yote imelowa.

Usiku hubaki pweza. Meza ndogo, taa, kisu, vijiti vya meno na sufuria ya supu. Wanaume husimama pale kwa sababu wanazozisema kwa kunong'ona, mimi nasimama kwa sababu ya supu. Chagua mguu mnene, ncha nyembamba hukauka zikikaa mezani. Pweza aliyechemshwa vizuri humeguka kwa jino la mbele. Kikombe cha supu uombe kitoke chini ya sufuria, na chumvi uionje kwanza, kwani pweza hutoka baharini nayo.

Ramadhani saa zote hizi zinahama. Mama lishe wengi hawapiki mchana au hupunguza sufuria, na kuanzia saa kumi alasiri barabara za Kariakoo, Ilala na Magomeni zinajaa meza za futari: tambi, kaimati, vitumbua, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Uwe umeshanunua kabla ya saa kumi na mbili kasorobo. Adhana ikikaribia wauzaji nao wanataka kufuturu, na ulichokitaka kimeshabebwa.