Mashine nzee, potasiamu ya maganda ya ndizi, na ushauri wa bure

Anayekwambia "nunua mashine mpya" kila majibu yakikataa, hajawahi kulipia mashine. Mimi niliambiwa na kaka mmoja, tena mzoefu wa maabara, nilipokuwa napima potasiamu ya maganda ya ndizi kwa fotomita ya mwali, mashine inayopima mwanga ambao elementi hutoa ikiunguzwa kwenye moto. Kweli ni nzee, inatumia mtungi wa gesi ya jikoni, ila inapima.

Majivu ya nusu gramu ya maganda makavu niliyayeyusha kwa asidi, nikajaza maji hadi mililita 100. Nikazimua mara 10, ikasoma miligramu 24 kwa lita, yaani 240 kwenye myeyusho wa awali. Kaka akasema andika hivyo, na kama huamini basi mashine imechoka. Nikagoma. Nikachukua myeyusho uleule, nikazimua mara 50: 6.2. Zidisha kwa 50, ni 310! Mara 100 ikasoma 3.1. Tena 310! Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Ni hivi: potasiamu ikijaa kwenye mwali, atomi za pembeni, penye joto pungufu, humeza mwanga wa nanomita 766 unaotolewa na zile za katikati. Grafu ya mwanga dhidi ya kiasi cha potasiamu inapinda huko juu, wewe umeipigia rula kama ni mstari ulionyooka. Zimua kwa viwango viwili. Majibu yakipishana, usiandike kitu.

Miligramu 310 kwa lita, zidisha kwa lita 0.1, ni miligramu 31; gawa kwa miligramu 500 za maganda: asilimia 6.2. Kwa kumsikiliza kaka ningeandika 4.8.

Halafu kuna wanaotengeneza myeyusho wa kulinganishia kwa kupima gramu moja ya kloridi ya potasiamu, wakaiyeyusha kwenye lita moja na kuiita miligramu 1,000 za potasiamu. Karibu nusu ya hiyo ni klorini, jamani! Pima gramu 1.907, chumvi ikiwa imekaushwa.

Kloridi ya sesiamu nayo usiibanie. Bei yake inauma, ila unatia kidogo tu, kiasi kilekile kwenye sampuli na kwenye miyeyusho yako ya kulinganishia. Kwenye mwali sesiamu hupoteza elektroni upesi kuliko potasiamu, hivyo potasiamu inabaki na zake na kuwaka ipasavyo.

Siku hizi yule kaka ananiletea sampuli zake za mbolea nimpimie. Gesi analipa yeye.