Kipupwe cha Igogo nilikimaliza kwa viroba vya sukari

Watu wa Njombe wana dharau. Jirani yangu mmoja wa huko kila akiniona Julai nimejitanda kitenge juu ya sweta lazima acheke: "Mwanza nako kuna baridi?" Ipo. Aje alale kwangu Igogo, kilimani, kwenye bati tupu lisilo na dari, aamke saa kumi alfajiri. Kipupwe cha Juni hadi Agosti huku ni kikavu, anga haina wingu, na joto lote la mchana linapaa kupitia bati kabla hujamaliza usingizi wa kwanza.

Ushauri nilipewa, na mwingi ulikuwa wa ovyo. Kuna aliyeniambia nikishapika niingize jiko la mkaa chumbani, nifunge mlango. Huyo sikumjibu. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanalala nayo wasiamke. Mwingine akasema hita. Hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili kila saa. Iwashe usiku kwa muda wa saa nane, uniti 16 zimekwenda, halafu asubuhi unachemshia nini chai? Fundi wa jipsamu naye alikuja, akapima kwa macho, akataja hela ambayo ni kodi yangu ya miezi kadhaa. Kwenye nyumba ya kupanga!

Basi nikamsikiliza shemeji. "Shemeji, chukua nailoni nyeusi ile ya msingi, tuipigilie chini ya kenchi chumba kizima. Utanikumbuka." Akaja na nyundo yake Jumapili, tukahangaika hadi jioni. Chumba kikatulia, upepo hausikiki, tukasifiana sana. Usiku wa manane tone likanidondokea jichoni. Mvua, Julai? Nikawasha taa. Nailoni yote imetoka jasho, matone yamejipanga kama shanga, yanateleza kuelekea pale ilipolegea, na ilipolegea ndipo kitanda kilipo. Kumbe ni pumzi zetu wenyewe: mvuke unapanda, unakuta nailoni imepoa kwa ajili ya bati, hauna pa kupenya, unageuka maji. Asubuhi tukaanika godoro juu ya mwamba, na kila anayepita njia anampa mwanangu pole ya kukojoa kitandani. Mtoto analia, "Siyo mimi!" Shemeji nilimkumbuka kweli.

Viroba vya salfeti ndivyo vilivyoniokoa. Vimefumwa, kwa hiyo vinapunguza upepo lakini mvuke unapata pa kutokea. Nilichukua vilivyotumika kwa wauza sukari wa jumla, bei ya kutupa, nikafua. Vya dagaa kule Mwaloni usichukue hata upewe bure. Ufue utakavyofua, paka wote wa mtaa watahamia kwako. Nikavifumua, nikaviunga kwa shazia na uzi wa manila, mshono wa kukunja mara mbili, hadi nikapata shuka moja la kutosha chumba.

Kwenye kupigilia ndipo nilipojiona injinia. Msumari mtupu unachana kiroba, siku mbili kinaning'inia. Nikaenda dukani kuomba vizibo vya soda. Unaweka kizibo meno yakielekea kwenye kiroba, unapitisha msumari katikati, unagonga: meno yanang'ata kiroba na mbao pamoja, hata uvute kwa mikono miwili hakitoki. Nilianzia pembeni, na kadiri ninavyopigilia nikawa nasukumia maboksi yaliyokunjuliwa kwa juu, mbali na nyaya za umeme. Ile hewa inayonaswa ndani ya maboksi ndiyo blanketi lenyewe. Matundu ya hewa juu ya dirisha niliyaacha wazi, tunahitaji kupumua.

Dirisha sasa. Kila mtu atakwambia uzibe upande wa ziwani kwa sababu mchana ndiko upepo unakotoka. Lakini usiku unageuka: nchi kavu inapoa upesi, maji hayapoi, upepo unashuka kutoka kilimani kwenda ziwani. Dirisha langu la kilimani, la nyavu tupu, ndilo lililokuwa linatugandisha. Nilitundika mapazia mawili mazito ya mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja, moja juu ya jingine, yafike sakafuni. Chini ya mlango nimelaza mguu wa jinzi kuukuu uliojazwa pamba na mchanga kidogo wa kuupa uzito.

Kitanda nacho nilikihamisha. Miezi hii jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini unaota jua mchana kutwa, na saa tatu usiku ukiugusa bado una uvuguvugu. Hiyo haikunigharimu hata senti.

Mama mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi akaangalia juu kwa muda mrefu.

"Fundi wako nani?"

"Ni mimi mwenyewe, mama."

Akanyamaza, akahesabu hela zake, akafika mlangoni akageuka: na yeye sebule yake ina baridi. Nikamwambia nitamshonea, ila viroba alete mwenyewe, na nitavinusa kwanza.