Risasi Ambazo Hatukupiga

Jumapili usiku, Sioux Falls

Mabega yananiuma, na vidole bado vinanukia mafuta ya bunduki ingawa nimenawa hadi sabuni imekwisha. Msimu wa kuwinda fezanti, ndege wa jamii ya kuku, umefunguliwa jana. Hapa South Dakota, jimbo la Marekani, hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba, na wikiendi hiyo vijiji ambavyo mwaka mzima hupiti ukakutana na magari matatu hujaa watu waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa, kuanzia kituo cha mafuta hadi kanisani. Nikiwaeleza ndugu zangu wa Kahama kwa simu kwamba jimbo zima limesimama kwa ajili ya ndege mmoja, huniuliza kama ni sikukuu ya dini. Nami huwa sijibu upesi.

Ndege mwenyewe wala si wa hapa. Asili yake ni Asia. Wazungu walimleta kutoka China, akaanza kushika mizizi katika jimbo hili miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, na mwaka 1919 kaunti ya Spink ikapata msimu wa kwanza kabisa wa kumwinda, wa siku moja tu. Mwaka 1943 akatangazwa kuwa ndege rasmi wa jimbo. Rafiki yangu tunayemwita Kaka hupenda sana kisa hiki. Husema fezanti ni mhamiaji aliyefaulu kuliko sisi sote: alikuja bila Kiingereza, akapewa uraia, akafanywa nembo ya jimbo, kisha kila Oktoba wanampiga risasi.

Kaka ni Mkongo wa Uvira, fundi wa mitambo, na ndiye aliyetuingiza katika mambo haya. Alimtengenezea mzee mmoja mkulima mashine yake ya kuvunia, mzee akataka kumlipa, Kaka akakataa hela akaomba ruhusa ya kutembea shambani. Mzee akacheka, akamwambia aje na wenzake. Akaja na mimi, tuliyekuwa naye zamu moja ya usiku kiwandani, na Maalim wa Tanga, ambaye si mwalimu wa chuo chochote ila hawezi kukaa dakika kumi bila kumsahihisha mtu.

Sipendi kupamba jinsi urafiki wetu na Mzee ulivyoanza. Yeye alihitaji miguu, sisi tulihitaji ardhi. Wanawe wako Denver na Minneapolis, hawawindi, na shamba la ekari nyingi haliwindwi na mtu mmoja mwenye goti bovu. Fezanti hapendi kuruka. Atakimbia chini ya nyasi mpaka shamba liishe, halafu atatokea upande wa pili ukiwa bado unafikiri uko nyuma yake. Kwa hiyo watu hujipanga mstari, wakaachana hatua ishirini hivi, wakatembea polepole kupita ukanda wa mtama na mahindi yaliyoachwa bila kuvunwa, huku wengine wawili wamesimama mwisho wa shamba kuwazuia ndege wasitoroke kwa miguu. Ndege wakijikuta katikati ya makundi mawili ndipo huruka, wote kwa wakati mmoja, kwa kelele ambayo hata baada ya misimu yote hii bado hunishtua moyo.

Kwetu kuwinda hakukuwa hivi. Sisi watoto tulikuwa na manati na ulimbo, tukapaka ulimbo kwenye vijiti karibu na maji na kulala kifudifudi kusubiri. Mjomba wangu alikuwa na gobore. Alikuwa akitoka alfajiri peke yake, anarudi na kanga wawili au harudi na kitu, na hata mkewe hakuambiwa alikokuwa. Ukimuuliza kanga wanapatikana wapi, alikuelekeza upande ambao hakuna kanga. Nilikua nikidhani mwindaji ni mtu wa siri. Hapa nimekuta kinyume chake: ndege ni wengi wanaokukimbia, na bila wenzako huna kitu.

Jana tulifika kwa Mzee mapema ingawa sheria hairuhusu risasi ya kwanza kabla ya saa nne asubuhi. Hiyo saa ya kusubiri ndiyo naipenda kupita zote. Mzee huchemsha kahawa nyepesi ambayo Kaka huiita maji ya kuoshea vikombe, kisha hunywa vikombe vitatu. Mbwa wa Mzee, jike mweusi aina ya Labrador, huzunguka kati ya miguu yetu akilia kwa hamu. Tunakagua bunduki, tunahesabu risasi, tunapangana nani atasimama mwisho.

Mzee anatumia bunduki ya mitutu miwili iliyokuwa ya baba yake. Inafunguka katikati, na ikiwa imefunguka hata mtu aliye mbali anaona mwanga ukipita ndani ya mitutu na kujua haina kitu. Zetu ni za kukokota, za bei ya chini, na lazima uchungulie ndani kuhakikisha. Tukifika kwenye waya wa miba, taratibu yetu haijabadilika tangu siku ya kwanza: unatoa risasi, unafungua bunduki, unamkabidhi mwenzako, unavuka, unapokea yako na yake, naye anavuka. Mzee alitufundisha hilo kabla hajatufundisha kulenga. Tulikuwa hatujui hata majina ya watoto wake, lakini tayari alikuwa ananikabidhi bunduki ya marehemu baba yake mara nne kwa saa.

Kisha kuna kelele za majina. Sheria inaruhusu madume tu, watatu kwa kila mwindaji kwa siku. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo ukipunguza madume vifaranga vya mwakani havipungui; ukiua jike umeua na wanawe. Dume unamjua kwa shingo ya kijani yenye pete nyeupe, mkia mrefu na makelele anayopiga akiruka. Jike ni rangi ya nyasi kavu mwili mzima. Ndege akiinuka na jua liko nyuma yake, unaweza usione rangi yoyote. Ndiyo maana aliye karibu huita kwa sauti, na wenzake hutii sauti yake kuliko macho yao. Mwanzoni tuliita kwa Kiingereza. Siku hizi dume akiinuka utamsikia Mzee mwenyewe, mtu wa ukoo wa Wanorwe aliyezaliwa katika nyumba ileile anayoishi, akipaza sauti: “Jogoo!” Na jike akiinuka sote tunaita “Mama! Mama!” na mitutu yote inaelekea mawinguni.

Jana katika ukanda wa kwanza waliinuka akina mama saba mfululizo. Saba! Maalim aliye upande wangu wa kushoto alikuwa akinong'ona maneno ambayo sidhani yalikuwa dua.

Halafu akaja jogoo wa kwanza, chini chini, urefu wa kifua cha mtu, mbwa akimfuata nyuma kwa mdomo wazi. Alikuwa wa Maalim kabisa. Alikuwa amekwisha weka kitako begani. Nikaona mtutu unamfuata yule ndege, unamfuata, halafu unasimama na kushuka. Ndege akaenda zake hadi shamba la jirani. Mbwa alirudi akamtazama Maalim kwa lawama, nasi tukaendelea kutembea. Mzee, aliyekuwa amesimama mwisho wa shamba na kuona kila kitu, hakusema neno. Ila baadaye, tulipopumzika, nilimwona akimmiminia Maalim kahawa kabla ya kujimiminia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi.

Ukanda wa pili ilikuwa zamu yangu. Jogoo aliinuka mbele yangu, safi, dhidi ya mbingu tupu, kisha akageuka kulia kuelekea kona ambako Kaka alikuwa amesimama. Nilijua Kaka yuko huko, lakini mahindi yalikuwa marefu na sikumwona. Niliona tu kitu cha rangi ya chungwa, kidogo kama kitambaa, kati ya mabua. Nikainua mtutu juu. Sekunde ile ile Kaka akapiga, ndege akaanguka, na nikamsikia akishangilia kwa Kiswahili cha Uvira: “Iyi njo yangu!” Hakujua, na sijamwambia, kwamba mimi pia nilikuwa nimemlenga ndege huyo.

Nimekuwa nikilifikiri jambo hili tangu jana. Watu wanaohadithia uwindaji huhadithia risasi zilizopiga: umbali, upepo, jinsi ndege alivyoanguka. Picha ndizo hizo hizo, ndege wamelazwa mstari kwenye nyuma ya pikapu. Lakini nikiwakumbuka watu ambao nisingekubali kutembea nao tena, na wapo, hakuna aliyekosa shabaha. Wote walikuwa na shabaha nzuri. Kasoro yao ni kwamba kila ndege aliyeinuka alikuwa wao. Kulikuwa na mmoja aliyekuja msimu uliopita, mgeni wa mgeni, akapiga ndege watatu kabla sijapakia vizuri, na mara zote mtutu wake ulipita usawa wa mbwa. Mzee alimshukuru kwa kuja, akamfungia lango kwa upole, na hajaalikwa tena.

Hapa jirani kuna mashamba ya kulipia ambako ndege hufugwa bandani na kuachiwa wageni wa mjini wawapige. Siwadharau wanaokwenda, biashara hizo zinawafanya wakulima kadhaa wabaki na ukanda wa nyasi ambao vinginevyo ungelimwa soya. Nyasi ndiyo roho ya fezanti. Tangu mwaka 1985 kuna mpango wa serikali kuu wa kuwalipa wakulima wapumzishe sehemu ya ardhi chini ya nyasi, na Mzee anaweza kukuonyesha, kona kwa kona, ndege walikuwa wangapi mkataba ulipokuwapo na walivyopungua ulipokwisha. Lakini kumpiga ndege aliyeachiwa asubuhi hiyo, asiyejua hata kichaka kilipo, na huku mstari mzima ni watu waliojuana kwenye kifungua kinywa? Hapana, ahsante.

Mchana tulihamia kwenye ardhi ya jimbo, kando ya dimbwi lenye matete. Huko huruhusiwi kutumia marisau, yaani tembe ndogo zinazojaa ndani ya risasi, ya madini ya risasi nyeusi, lazima yawe ya chuma au madini mengine yasiyo na sumu, maana ndege humeza vitembe vilivyobaki ardhini wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, na vikawaua. Kwa bata na mabata bukini marisau yasiyo na sumu ni lazima nchi nzima tangu 1991. Chuma ni chepesi, hupoteza nguvu mapema, kwa hiyo inabidi usubiri ndege awe karibu na usipige wa mbali kwa tamaa. Mzee hulalamika kuhusu chuma kila mwaka kwa maneno yale yale. Mimi nadhani kimemfanya awe mwindaji bora, ila sitamwambia.

Pale kwenye matete ndipo ugomvi wa mwaka ulipotokea. Jogoo mmoja, milio miwili kama mmoja, Kaka na Maalim. Mbwa akaleta ndege, akasita, akampelekea Mzee. Maalim akasema wake, kwa sababu yeye alitamka bismillahi kabla ya kuvuta, na akaeleza tena, kwa faida ya Mzee, aya ya nne ya Surat al-Maida kuhusu wanyama waliofunzwa kuwinda. Kaka akajibu kwamba bismillahi ya Tanga ni ndefu, ilipofika katikati ndege alikuwa ameshaanguka. Mzee hakuelewa hata neno moja ila alielewa kila kitu. Alimkata yule ndege mkia, akampa Kaka unyoya mmoja, Maalim mmoja, na ndege akamtia kwenye mfuko wake mwenyewe.

Jioni tulipika kwa Kaka. Fezanti wa porini hana mafuta, ukimkaanga tu utatafuna kamba. Kifua tulikikata vipande, tukakitia tui la nazi, tangawizi na limau, kwa moto mdogo. Mapaja yana mishipa migumu iliyosimama kama njiti, hayo yaliingia kwenye mchuzi ambao bado uko jikoni kwangu. Ugali ulisongwa na Kaka, mlaini mno kwa mila za Kisukuma, nikasema hivyo, nikaambiwa nisonge mwenyewe. Mzee alikula kwa mkono. Alijifunza msimu uliopita na sasa anajivunia, anafinya tonge lake na kuliangalia kabla ya kulimeza. Katikati ya chakula Maalim aliuma kitembe cha chuma. Akakitoa mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani, akakitazama kwa muda mrefu.

“Hiki ni cha kwangu,” akasema.

Jumamosi ijayo Mzee anataka tuanzie kwenye matete ya kaskazini, kabla dimbwi halijaganda na kila mwenye buti hajaweza kuingia. Kaka ameshatuma ujumbe usiku huu kwamba hasimami tena mwisho wa shamba. Baridi inamwingia magotini, anasema, na tena kule hana mtu wa kubishana naye. Maalim amejibu kwamba atamletea kiti na blanketi, na kwamba abishane na mbwa.