Wenzake wapi?

Neno la Ami nimelibeba tangu Jumapili na halitaki kushuka. Juma lenyewe lilikuwa zito: harusi ya jirani imepita na ngoma zake, bwana wangu kaenda Pemba na kurudi, Jumanne kulikuwa na maziko Mwanakwerekwe na Ami alikwenda, dukani tumepokea ule mzigo wa dawa uliochelewa. Yote yamepita. Mimi nikipata nafasi kidogo tu, nikipanga vichupa rafuni au nikichambua mchele, narudi pale pale barazani.

Mnajua kwamba tangu Ramadhani iishe nasikiliza koncheto za fidla za Poland, yaani fidla moja mbele na okestra nyuma yake, za karne iliyopita, usiku watoto wakishalala. Mmoja wa watunzi wake, Bacewicz, nimeshamwandika hapa. Ami sikuwa nimempigia hata moja. Kwenye ukoo wetu sikio lake ndilo ninaloliogopa, maana kacheza fidla ya taarab tangu ujana mpaka vidole vilipoanza kumkatalia. Jumapili baada ya alasiri akapita kututazama, chai ikamiminwa, nikaona leo ndiyo leo. Nikaleta ile spika ndogo, nikampigia koncheto ya kwanza ya mtunzi Karol Szymanowski, mpigaji Wanda Wiłkomirska na Okestra ya Filhamonia ya Warsaw chini ya Witold Rowicki.

Anayeijua atakumbuka inavyoanza. Filimbi na piano zinarukaruka, huku sauti moja kule sauti nyengine huku, na hujui uelekee wapi. Kisha fidla inaingia juu kabisa, kwenye ule uzi mwembamba, taratibu, noti moja imevutwa mpaka unashika pumzi.

"Nani huyu?" akauliza.

"Mwanamke wa Kipoland, ami."

"Ana mkono."

Nilifurahi nusu ya kuruka. Ami hamwambii mtu yeyote kwamba ana mkono. Akasikiliza, kikombe kimepoa mkononi. Fidla ikazidi kupanda. Akasema:

"Wenzake wapi?"

"Wako nyuma yake, okestra nzima. Sikiliza, kuna vinubi viwili, kuna piano..."

"Hao si wenzake. Hao wamsikiliza tu."

Nikasema, lakini ni muziki mzuri sana. Akanigeukia na uso wake wote: "Mzuri kwa lipi? Nambie nami nifahamu."

Hapo hapo akapita muuza samaki, mama akatoka na sahani, kukawa na maneno ya bei, na magharibi ikaingia. Ami akaenda msikitini. Sikujibu, na hakuniuliza tena.

"Mzuri kwa lipi?" Hakuniuliza kwa kejeli. Kanipa nafasi ambayo hawapewi wengi, na nafasi yenyewe ikapita na sahani ya samaki. Basi juma zima namjibu kichwani.

Jibu la Jumatatu lilikuwa hili. Ami, koncheto hii iliandikwa mwaka 1916, vita vya kwanza vimepamba moto. Szymanowski alizaliwa kijiji cha Tymoszówka, ambacho leo kimo Ukraine, na mwaka uliofuata nyumba ya kwao iliharibiwa kwenye mapinduzi. Alikuwa na rafiki, Paweł Kochański, mpiga fidla. Walikaa pamoja wakati koncheto inaandikwa, na yale mambo ambayo fidla inayafanya huko juu Szymanowski hakuyatunga gizani. Alikuwa na mkono wa Kochański mbele yake. Ukifika karibu na mwisho kuna mahali okestra inanyamaza na fidla inabaki peke yake, wenyewe wanapaita kadenza. Wewe ungeijua mara moja kuwa ni taksim, pale mpigaji wa taarab anapopiga peke yake kwa kubuni, ila hii imeandikwa. Na aliyeiandika ni Kochański. Kwa hiyo mwenzake yupo, Ami, kaingia ndani ya karatasi.

Ningemwambia na hili: Szymanowski alifika Algiers, Biskra na Tunis mwaka 1914, na mwaka 1918 akaandika nyimbo za mwadhini mwenye mahaba. Kwa hilo pengine angeweka kikombe chini.

Jumanne jibu likawa Grażyna Bacewicz. Huyu aliwahi kukaa kwenye safu kama Ami alivyokaa, mbele kwenye fidla za okestra ya redio ya Poland, mwaka 1936 mpaka 1938. Wajerumani walipoishika Warsaw akawa anapiga kwenye maonyesho ya siri. Aliandika koncheto saba za fidla kati ya mwaka 1937 na 1965, na kadhaa akazipiga mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mpiga fidla Joanna Kurkowicz karekodi sita kati ya hizo. Ile ya tatu, ya mwaka 1948, ina nyimbo za watu wa milimani kusini mwa Poland, na ukiisikiliza husemi fidla kaachwa. Okestra inamkata kauli, naye anairudishia. Nikasema moyoni, hii ndiyo ningeanza nayo.

Jumatano ikawa mtunzi Andrzej Panufnik, na hapa niliamini nimepata dawa kamili. Mama yake mpiga fidla, baba yake akitengeneza fidla. Nota zake za ujana zilipotea zote wakati wa vita, nyengine akaziandika upya kwa kumbukumbu, na mwaka 1954 akakimbilia Uingereza. Mwaka 1971 akaandika koncheto kwa ombi la mpiga fidla Yehudi Menuhin, na nyuma ya fidla hakuweka tarumbeta wala ngoma wala filimbi. Nyuzi tupu. Fidla mbele, fidla nyuma, na ndugu zao wakubwa mpaka besi. Haya Ami, wenzake hawa hapa! Nilikuwa nasema peke yangu jikoni.

Penderecki, mtunzi mwengine wa Kipoland, nimempisha. Koncheto zake mbili ni ndefu na zina giza, nazipenda kwa saa nyengine.

Alhamisi usiku nikapiga koncheto ya pili ya Szymanowski. Ilipigwa mara ya kwanza Warsaw tarehe 6 Oktoba 1933, na fidla alishika Kochański mwenyewe, tayari saratani iko mwilini. Januari 1934 akafa New York. Szymanowski akaitoa koncheto kwa kumbukumbu ya rafiki yake. Na katikati yake, kabisa katikati, okestra inanyamaza tena, na kadenza ile pia ni ya Kochański. Fidla inapiga nyuzi mbili kwa pamoja, nzito, karibu na kifua, si kule juu tena. Nilikuwa nimeshika pasi. Nikaiweka chini.

Maana nilikumbuka picha iliyoko ukumbini kwa Ami. Mashati meupe, tai nyembamba, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, mbele, akodiani pembeni, na safu ya fidla upande wa kulia. Ami ni wa pili. Tuliyemzika Jumanne ndiye wa kwanza, aliyekaa naye bega kwa bega miaka yote ile. Wa tatu na wa nne walitangulia zamani. Na Jumapili, kabla ya kuja kwetu, Ami alitokea hospitali kumtazama huyo wa kwanza. Alituambia alipokuwa anavua viatu, mama akamwombea mgonjwa, mimi nikaenda kuleta spika.

Wenzake wapi. Ami hakuwa akiniuliza habari za Poland.

Na majibu yangu yote ya juma, miaka, majina, nani kamwandikia nani, yameniondoka kama maji kwenye chujio. Nayapenda bado. Szymanowski nampenda zaidi kuliko nilivyompenda Jumapili. Lakini sitayapeleka kwa Ami.

Jana nilikwenda kwake bila spika. Nilimpelekea mikate ya kumimina, anayoipenda. Tukakaa, tukanyamaza sana, kisha mwenyewe akaanza. Akanieleza jinsi walivyokuwa wakifunga nyuzi kabla ya watu kuingia, huyu akimsikiliza yule, na marehemu ndiye aliyeshika sauti ya kuanzia, wengine wote wakimfuata. Bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, ikianza, akasema, hakuna aliyemtazama mwenzake, viwiko tu vikagusana. Akaniomba nishushe sanduku juu ya kabati. Fidla imo ndani, imevishwa kitambaa cha kanga ya marehemu shangazi. Upinde umelegezwa vizuri. Ule utomvu wa kuupaka umepasuka vipande, rangi ya asali. Na uzi wa kwanza, ule mwembamba, umekatika na umejikunja shingoni mwa fidla.

Nikauliza kama nimtafutie mwengine. Akasema tutaona, na akafunga sanduku yeye mwenyewe, kifungo kimoja baada ya chengine. Sijui "tutaona" ya Ami ni ndiyo au siyo. Nimeshamwandikia kaka Muscat aulize huko, maana duka ninalolijua hapa mjini halinazo siku hizi.

Nilitaka niandike mengi zaidi juu ya kadenza ile, na juu ya mtunzi Lutosławski aliyefariki mwaka 1994 akiacha koncheto aliyokuwa akimwandikia mpiga fidla Anne-Sophie Mutter haijamalizika, lakini kichwa changu sasa kiko dukani. Jokofu la insulini limeanza kusumbua. Linatakiwa likae kati ya nyuzijoto 2 na 8, na jana wakati wa kufunga kipimo kilisoma 9. Fundi kasema atakuja asubuhi. Nimehamishia boksi kwa jirani mwenye duka la vinywaji, kaniwekea rafu ya chini na kuwakataza vijana wasifunguefungue, lakini umeme wa mtaa ule unakatika kuliko wetu, na kuna mama wawili wanaokuja Jumatatu kuchukua dozi zao za mwezi. Mwenye kujua fundi wa majokofu ya dawa, siyo wa majokofu ya nyumbani, aniletee namba leo leo.