Nilivyotetea jengo la kale lililotakiwa kupisha jengo refu

Lilikuwa jengo la ghorofa mbili, lenye kuta nene za mawe na chokaa, na kwa miaka mingi hakuna aliyelitengeneza. Mmiliki wake aliomba kibali cha kulibomoa ili ajenge jengo refu la makazi na ofisi, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba limechakaa kiasi cha kuhatarisha wapita njia. Mimi ni msanifu majengo, na majirani waliopinga ombi hilo waliniomba niwaandikie pingamizi. Wao walitaka nieleze uzuri wa madirisha na kumbukumbu za mtaa. Hayo niliyapa ukurasa mmoja tu, kwa sababu juu ya uzuri watu huweza kubishana hadi kesho asipatikane mshindi, ilhali ubovu wa ukuta hupimika.

Nilianza na swali ambalo ombi lenyewe lilikuwa limelikwepa: je, uharibifu huu umeletwa na umri wa jengo, au umeletwa na kutotunzwa? Nililikagua kuanzia paa hadi msingi, na karibu kila kasoro ilinirudisha kwenye maji. Mifereji ya paa ilikuwa imeziba, mvua ikawa inateremkia ndani ya kuta, na ncha za boriti zilizoshikwa na ukuta zikaoza. Palipopigwa lipu ya saruji juu ya chokaa hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa chokaa huuacha unyevu utoke na ukuta ukauke, lakini saruji huufungia ndani, na chumvi inayojikusanya humo huumomonyoa uso wa jiwe. Kuhusu nyufa, tulibandika juu yake vipande vyembamba vya kioo na kuandika tarehe, kwani ufa unaoendelea kupanuka hukivunja kioo. Msimu wa mvua ulipokwisha vioo vilikuwa vizima, isipokuwa kwenye kona moja iliyokuwa chini ya mfereji mbovu. Mhandisi asiye na maslahi kwa upande wowote alivithibitisha vipimo hivyo, na bila saini yake nadhani ripoti yetu isingesomwa.

Hoja ya hatari iliishia hapo, lakini sababu halisi ya ombi, yaani fedha, ilibaki palepale. Thamani ya kiwanja cha katikati ya mji hupanda kadiri ghorofa zinazoruhusiwa juu yake zinavyoongezeka, hivyo jengo fupi humwonekania mwenyewe kuwa hasara ya kila siku, na wapo wanaoacha paa livuje makusudi mpaka ubomoaji uonekane kuwa jambo la busara. Sikumtuhumu mmiliki huyu kwa hilo, maana sikuwa na ushahidi. Nilitafuta mahali ambapo ghorofa zake zingeweza kwenda.

Hapo nilisaidiwa na kisa cha New York. Kituo cha reli cha Pennsylvania kilianza kubomolewa mwaka 1963, na sheria ya mji huo ya kulinda majengo ya kihistoria ikapitishwa mwaka 1965. Kampuni iliyomiliki kituo cha Grand Central iliponyimwa ruhusa ya kujenga mnara wa zaidi ya ghorofa 50 juu yake, ilikwenda mahakamani, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliupa mji ushindi. Watu wengi hukumbuka ushindi huo. Mimi nilivutiwa zaidi na jambo moja lililozingatiwa katika hukumu, kwamba haki ya kujenga isiyotumika juu ya kituo iliweza kuhamishiwa viwanja vya jirani.

Sisi hatukuwa na kanuni ya namna hiyo, kwa hiyo nilihamisha ndani ya kiwanja kilekile: katika michoro yangu jengo la kale lilibaki mbele, na jengo refu likarudi nyuma, palipokuwa na mabanda. Mmiliki alijibu kwamba angebakiza ukuta wa mbele tu. Nilikataa, kwa kuwa jengo ni vyumba, sakafu, ngazi na kuta zinazoshikana, na ukuta wa mbele peke yake ni barakoa isiyo na uso. Jambo lililochukua muda mrefu zaidi lilikuwa uchimbaji, kwani shimo refu la maegesho kando ya msingi wa mawe lingeweza kuuhamisha udongo unaoubeba. Tulikubaliana maegesho yasogezwe mbali, na nguzo za msingi zichimbiwe badala ya kupigiliwa, ili mitikisiko ipungue.

Kibali kilichotolewa kilipunguza ghorofa kadhaa, na sehemu ya nyuma ya jengo la kale, pamoja na ngazi yake ya mbao, hatukuweza kuiokoa. Tulichokipigania hadi mwisho ni sharti kwamba jengo refu lisipewe cheti cha kukaliwa kabla ukarabati wa lile la kale haujakamilika na kukaguliwa, na kwamba kazi ya kwanza kabisa kiwanjani iwe paa na mifereji yake.