Kamera ya bei nafuu kwa picha za muziki usiku: nilivyochagua

Nilichokuwa nalenga ni picha za jukwaani kama lile la tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Zanzibar: usiku, taa zinabadilika kila sekunde, na ukiwa mbali flashi haifiki popote. Hesabu nilianzia kwenye lenzi. Ile 18–55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo, kwa hiyo picha iliyodai ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 25600, chenga tupu, unaipata kwa ISO 2500 hivi bila kupunguza kasi ya shata, lile pazia linalopitisha mwanga.

Hela nyingi basi zikaenda kwenye lenzi ya 85mm f/1.8, na bodi, yaani kamera bila lenzi, nikachukua iliyokwisha tumika: Canon 6D, toleo la 2012. Ni kongwe, lakini sensa yake ni fulufremu (kubwa kama fremu ya filamu ya 35mm), na kitone cha fokasi cha katikati kinashika hata kwenye mwanga wa mbalamwezi. Vile vingine kumi gizani vinahangaika tu, sivigusi. Ukiipata Nikon D750 kwa bei inayokaribiana, chukua hiyo. Fokasi yake ni bora.

Kabla ya kulipa, uliza shata imepiga mara ngapi. Ya 6D imepimwa kwa mapigo 100,000, na idadi haionekani kwenye menyu. Inasomwa kwa programu ya kompyuta. Halafu funika lenzi, piga kwa ISO 6400, ukuze picha utafute vidoti vyekundu au vyeupe, yaani pikseli mbovu za sensa. Mwisho laza rula kwa mshazari, lenga sentimita 15 kwa f/1.8. Kama kilichotoka kikali ni 14 au 16, fokasi imehama. 6D inakuruhusu kuirekebisha kwenye menyu, kamera nyingi za bei ya chini hazina hilo.

Kero kubwa jukwaani ni maikrofoni. Kwa 85mm f/1.8, msanii akiwa mita tatu, sehemu inayotoka kali ni sentimita 13 tu kutoka mbele hadi nyuma. Fokasi inarukia maikrofoni, macho yanabaki na ukungu, na kwenye skrini ndogo ya kamera hulioni kosa. Nasubiri aishushe au ageuke ubavu, nalenga jicho, napiga hapohapo bila kusogeza kamera. Kupanga fremu nitakata baadaye, pikseli milioni 20 zinatosha.

Naanzia f/2, shata 1/250 ya sekunde, ISO 3200, kwa RAW (faili ghafi ya sensa); mpiga ngoma anataka 1/500. Taa nyekundu ndiyo inayodanganya: histogramu (grafu ya mwanga wa picha) ya jumla inaonyesha salama huku uso umeungua kwa mwanga kupita kiasi. Fungua ile ya rangi tatu uangalie nyekundu peke yake, ikigota kulia punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Wenye kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) wazime shata ya kimya, ile ya kielektroniki, maana chini ya taa za LED inaacha michirizi ambayo ni vigumu mno kuiondoa.