"Funny" siyo kuchekesha kila mara

Ndugu zangu mnaotembeza wageni Mikindani na Kilwa Kisiwani, mgeni akikwambia "you're a riot", usishtuke. Riot ni ghasia, ndiyo, lakini hapo anakusifu: unamvunja mbavu. Cha kushika ni ile "a" ndogo. "He's a riot", "she's a hoot", "it was a scream": zote zinasema mtu au jambo linachekesha sana, na zote ni nomino, ukiiacha "a" sentensi inaanguka. Hoot ni mlio wa bundi, scream ni ukelele. Ila "I don't give a hoot" haina kicheko hata kidogo, maana yake sijali kabisa.

"Hilarious", yaani -a kuchekesha mno, tayari lina "sana" ndani yake, kwa hiyo "very hilarious" inakwaruza sikio. Sema "absolutely hilarious", au liache peke yake, linatosha. "Hysterical" nalo ni hivyo hivyo, lakini lishike kwa tahadhari: ukimwambia mtu aliyekasirika "you're hysterical", umemwambia amepagawa. Lielekeze kwenye kisa: "that story is hysterical".

Linaloponza wengi ni "funny" lenyewe. Mgeni akiinamia ndoo ya pweza, akakunja pua na kusema "it smells funny", jamani, usicheke naye! Anasema harufu imemtia shaka. Mtolee pweza mwingine. Na akishuka mashuani akasema "I feel funny", mtafutie kivuli na maji upesi, hali yake si nzuri.